Mtawa wa Saa Mbili Usiku

8 Septemba 1970, Jumanne

Nimepewa Halloween! Mimi! Verna Hostetler, mwalimu wa piano wa watoto wasiofanya mazoezi, mpiga kinanda wa kanisa la Methodisti, mke wa Dale, nimepewa saa nzima ya redio usiku wa Halloween, usiku wa vinyago na mizimu. Bwana Burdette, meneja wa kituo, alinipigia simu nikiwa nakanda unga. Nimepiga kelele hadi mbwa wa jirani akajibu.

Saa hiyo tangu mwaka 1949 ilikuwa ya Mzee Anton Zupanc, fundi mitambo wa kituo. Sasa macho yamemchoka na miguu imemgomea, na masista wamempa chumba katika nyumba yao ya wazee kule kilimani. Kila mwaka yeye ndiye aliyeuchagua muziki: vinanda vya makanisa ya kale, violini zinazolia kama paka aliyefungiwa nje, bendi za zamani zikiimba juu ya mifupa inayocheza dansi. Halafu, saa mbili kamili usiku, Mtawa.

Hapa Brannock hakuna asiyemjua Mtawa. Ikifika saa mbili mji mzima unazima taa, za barazani na za ndani. Watoto wanaopita nyumba kwa nyumba na vinyago vyao kuomba peremende wanasimama pale pale walipo njiani, maboga yaliyochongwa na kutiwa mishumaa tu ndiyo yanawaka. Redio zinawekwa madirishani, na ile sauti nene ya mwanamume inaanza kuomboleza kama inatoka pangoni, polepole, kwa lugha ambayo hakuna anayeitambua. Ikiisha, taa zinawashwa, watoto wanapiga mayowe, peremende zinaendelea. Nimezaliwa hapa na kila mwaka nywele hunisimama.

Dale kasema, "Hongera, mke wangu. Sasa tutakula saa ngapi?"

11 Septemba

Nimekwenda kuchukua santuri kwa Mzee Zupanc. Mtu mgumu huyu! Hakunikaribisha hata kiti. Mtawa ni santuri ndogo ya zamani, ya ile aina nzito inayovunjika kama sahani ya udongo. Karatasi yake ya katikati imekwanguliwa jina lote, ikapakwa rangi nyeusi. Alinishikisha kwa mikono miwili kama anayenipa mtoto mchanga.

"Usiicheze kabla ya saa yake," akasema. "Na usiitie kwenye tepu. Utaiweka mashine ya kushoto, na mashine uiache kama ilivyo. Usiguse kitu. Mtawa anakula dakika saba na kidogo, ipangie."

"Inaitwaje, Mzee? Watu wataniuliza."

"Mtawa hana jina."

"Na anayeimba ni nani?"

"Mama, umekuja kuchukua santuri au kunihoji?"

Basi nikaondoka. Mikogo ya kizee. Lakini njia nzima nilikuwa nacheka peke yangu garini, maana Mtawa alikuwa kwenye kiti cha pembeni, nimemfunga mkanda.

14 Septemba

Nimeanza majaribio. Namweka Dale chumba cha chini, nazima taa, naweka santuri moja baada ya nyingine, halafu nampapasa shingo kuona kama malaika ya mwili yamesimama. Kinanda kikubwa cha kanisa: hayakusimama ("Nimekumbuka mahubiri tu"). Kisanduku cha muziki kinachoishiwa nguvu polepole: yalisimama kidogo. Kwaya ya wanawake wanaoimba bila maneno, wakipanda na kushuka kama upepo chini ya mlango: Dale kaomba niwashe taa. Alama zote!

Nimepata pia santuri ya kile chombo cha umeme kinachopigwa bila kuguswa, mtu anapunga mikono hewani tu na chombo kinalia kama mjane. Hiyo ya kabla tu ya Mtawa. Nina furaha mpaka usingizi hauji.

17 Septemba

Mvua. Wanafunzi wanne, hakuna aliyefanya mazoezi hata mmoja.

19 Septemba, Jumamosi

Bwana Burdette amemkalia Mtawa.

Nashindwa hata kuandika. Nilikuwa studio nikipanga santuri zangu, nikamweka Mtawa ndani ya bahasha yake juu ya kiti, mbali na meza, ili asije akaangukiwa na kitu. Burdette akaingia na kikombe cha kahawa, anaongea kama kawaida yake, matangazo ya duka la matairi hivi, matangazo ya duka la matairi vile, akajitupa kwenye kiti. Na Burdette si mtu mwembamba. Nilisikia ule mlio. Yeye pia aliusikia. Tukatazamana.

"Verna," akasema, bado kakaa, "niambie nimekalia biskuti."

"Inuka."

"Siwezi. Nikiinuka itakuwa kweli."

Aliinuka. Vipande vitano. Nimelia kama mtoto, na yeye amesimama pale anazungusha kofia mikononi, uso umemwiva. Halafu, kwa sababu ni meneja na hajui kuomba radhi, akageuka mbogo. Bila Mtawa, anasema, hakuna saa ya Halloween. Watu watazima taa zao, watasubiri gizani, halafu nini? Mimi niwapigie piano? Kuna kampuni inauza kipindi cha Halloween kilichotiwa tayari kwenye tepu, milio ya milango na vicheko vya wachawi, na yeye atakinunua hicho. Ikishaingia tepu mwaka huu, ndiyo basi, saa yenyewe imekufa.

"Nipe hadi Halloween," nikamwambia. "Nitatafuta nyingine."

"Utatafuta nini? Haina jina!"

"Wewe ndiye uliyeikalia, Burdette, si mimi."

Akavaa kofia yake. Kanipa hadi katikati ya Oktoba. Nimekusanya vipande kwenye kitambaa. Sijawahi kupewa kitu changu mwenyewe katika mji huu, kila kitu ni cha kanisa, cha shule, cha familia. Hiki kimoja nilichopewa, sikiachi.

20 Septemba

Nimepiga kinanda kanisani vibaya. Mchungaji kaniuliza kama naumwa.

25 Septemba

Nimepanda tena kwa Mzee Zupanc, na keki ya tufaha, kujaribu kumchimba bila kumwambia kilichotokea. Mvua ilikuwa inapiga madirisha. Nimemsifu, nimempaka mafuta, nimemuuliza Mtawa alimpata mji gani, dukani au kwa mtu, yeye anakula keki tu.

"Keki nzuri," akasema. "Mke wangu Rozka alikuwa anatia mdalasini zaidi."

"Alifariki zamani, Mzee?"

"Zamani." Akafuta makombo kifuani. "Mtawa yuko salama?"

Mungu anisamehe, nikasema yuko salama. Alinitazama muda mrefu na yale macho yake yenye ukungu. Nikatoka nimelowa jasho kuliko mvua. Huyu mzee ananipa hofu, na tena ananiudhi. Angekuwa ameitaja santuri jina mara moja tu katika miaka ishirini na moja, mimi nisingekuwa natangatanga hivi.

28 Septemba

Nimepata! Yaani, nimepata pa kuanzia. Nilikuwa napanga vile vipande mezani jikoni kama mchezo wa watoto wa kuunga picha, taa ya mezani imelala ubavu, na pale kwenye ukingo mtupu, kati ya mistari ya muziki na karatasi nyeusi, nikaona namba. Imechorwa kwenye santuri yenyewe, ndogo, kwa mkono. Kila santuri ya zamani inayo, kiwandani waliitia kwenye bamba la kwanza kabla ya kuchapa. Jina unaweza kulikwangua, namba ile haitoki.

Nimempigia kelele Dale aje aone. Kaja na mswaki mdomoni. "Ni namba," akasema. Dale huyu! Nimeandikia wauza santuri kuukuu wote ninaowajua na nisiowajua: natafuta namba hii, mwanamume, sauti nene sana, wimbo wa huzuni, labda wa kidini, nyuma yake kitu kama kinanda cha kanisa.

3 Oktoba

Majani yamegeuka rangi mji mzima. Hakuna jibu.

5 Oktoba

Wawili wamejibu: hawana.

7 Oktoba

Mtoto wa jirani kaniuliza kama ni kweli Mtawa akichelewa anakuja mwenyewe mlangoni. Nimemwambia ndiyo.

9 Oktoba, Ijumaa

Simu kutoka Cleveland! Bi Esther Lowitz, mwenye duka la santuri kuukuu, sauti kama mtu anayetafuna kokoto.

"Ni wewe uliyeandika juu ya mwanamume mwenye sauti ya pangoni?"

"Ndiyo, mama."

"Kwenye namba hii?"

"Ndiyo."

"Mnakunywa nini huko Brannock?" Akacheka hadi akakohoa. "Namba ninayo. Njoo. Sitaki kukuharibia uhondo."

Nikampigia Burdette. Nilidhani ataleta maneno. Akasema, "Nitakupeleka kwa gari langu, kesho alfajiri," na kabla sijamshukuru akakata.

10 Oktoba, Jumamosi

Safari nzima Burdette kaniongelesha, na kumbe ana mengine ya kusema zaidi ya matairi. Mwaka ule wa kwanza wa Mtawa alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa kituoni, kijana, anasoma habari za mifugo. Aliisikia ile sauti akiwa peke yake kwenye chumba cha habari, taa zimezimwa, akakimbilia chooni akajifungia. "Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, Verna! Nimepigana vita! Nimejifungia chooni!" Na tangu siku ile, anasema, kila Halloween anangojea aogope vile tena. Tangu aikalie hajalala vizuri. Kitepu cha milango na vicheko hakitaki hata kidogo. Nikaona aibu kwa yote niliyoyasema juu yake jikoni kwangu.

Duka la Bi Esther ni santuri kuanzia sakafuni hadi darini, na yeye katikati, mdogo, miwani miwili, mmoja kichwani mmoja machoni. Alikuwa ameshaitoa. Santuri safi, haina hata mkwaruzo, karatasi ya katikati nyekundu yenye maandishi ya dhahabu.

"Kislovenia," akasema. "Walirekodi hapa hapa mjini, mwaka 1926, kwa ajili ya watu wao. Msikilizeni mwanamume wenu."

Akaiweka. Jamani! Ikatoka akodiani inaruka kama mbuzi, na juu yake msichana, sauti nyembamba, nyepesi, inacheka katikati ya maneno. Wimbo wa harusi! Bi Esther alituambia maana yake: bibi harusi anawaambia wapigaji wasiende nyumbani, viatu vyake bado vipya, pigeni tena. Huku anatikisa mabega. Ikaisha kabla hatujafunga midomo.

"Siyo hii," nikasema. Machozi yalinilengalenga.

"Namba ni ile ile, mwanangu. Tazama mwenyewe."

Nilitazama mara tatu. Ni ile ile. Tuliinunua, maana tungefanyaje. Tulipoingia barabara ya nyumbani Burdette akasema, "Labda nitaomba radhi redioni. Nitawaambia watu nilimkalia," na nilimwona anamaanisha.

11 Oktoba, Jumapili

Naandika haraka haraka, na simu inalia, bila shaka ni Burdette tena, iache ilie.

Baada ya kanisa nilikwenda studio peke yangu. Nilikuwa nimekata tamaa kabisa, nilikwenda kupanga saa upya bila Mtawa, kumwonyesha Burdette kwamba inawezekana. Kwenye karatasi yangu kulikuwa na pengo la dakika saba na kidogo. Nikakaa nikilitazama lile pengo. Kisha nikaweka kile kipande kikubwa cha santuri iliyovunjika juu ya ile nzima ya Cleveland, ukingo juu ya ukingo. Upana sawa. Mistari sawa sawa, hata pale muziki unapokolea na mistari inapotawanyika, sawa. Ni santuri moja, mapacha.

Na hapo ndipo akili iliponipiga kofi. Santuri ndogo ya zamani inabeba dakika tatu. Tatu na nusu ukiibana. Haiwezi kubeba saba, hata uiombee. Nimeshika santuri za namna hii tangu utotoni, na kila mwaka nimesikiliza dakika saba za Mtawa, na sikuwahi kujiuliza zimekaa wapi!

Mashine ya kushoto. Iache kama ilivyo.

Mashine ya kushoto imewekwa kasi ya santuri kubwa za kisasa, zile zinazozunguka taratibu. Haijawahi kuguswa. Santuri hii ya zamani inataka kasi zaidi ya mara mbili ya ile. Nikaiweka pale pale, bila kugusa swichi. Nikashusha sindano.

Mtawa akaimba.

Nilipiga ukelele. Ni yeye! Ile akodiani inayoruka imekuwa kinanda cha kanisa lililozama, yule msichana anayecheka amekuwa mwanamume anayeomboleza, na pale anapocheka katikati ya maneno ndipo pale kila mwaka tunaposhikana mikono, pale tunaposema Mtawa anasongwa na kilio. Nywele zilinisimama mchana kweupe, huku najua ni bibi harusi na viatu vyake!

Nilimpigia Burdette, akafika na leso ya chakula bado iko shingoni. Nikamwekea kwa kasi yake ya kweli, kisha nikamwekea kwa kasi ya Mtawa. Akakaa chini, safari hii kwenye kiti kitupu. Tukatazamana, halafu tukacheka mpaka nikashika mbavu.

"Mzee Zupanc!" anasema. "Fundi mitambo! Miaka yote! Amekosea kasi!"

"Macho, labda macho."

"Mwaka 1949 macho yake yalikuwa kama ya mwewe! Amekosea tu, Verna. Ameweka santuri ya harusi kasi ya mazishi, na mji mzima ukazima taa!"

Saa yangu ni yangu. Mtawa yupo. Nalala nikicheka.

13 Oktoba

Nimemweleza Dale. Kacheka, kisha kauliza, "Sasa mzee utamwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba Mtawa wake ni bibi harusi?"

"Angetaka kujua."

"Dale, ana miaka sabini na saba. Ndicho kitu pekee anachojulikana nacho mji huu. Aende na heshima yake."

Burdette anasema hivyo hivyo. Hatutamwambia kwamba ilivunjika, hatutamwambia tunachokijua. Mwanzoni ilikuwa kichekesho, lakini sasa namhurumia. Fundi mzima, mwenye majivuno yale yote, kumbe alikosea swichi moja. Leo nimempelekea keki, nimetia mdalasini zaidi. Akala vipande viwili na hakusema asante.

19 Oktoba

Baridi kali. Maboga yamepangwa barazani. Wanafunzi wote wanataka kujifunza nyimbo za kutisha, na ghafla wote wanafanya mazoezi. Mungu mkubwa.

24 Oktoba

Mpangilio umekamilika. Nimeubadilisha, nimeubadilisha tena, nimerudi kwenye ule wa kwanza.

28 Oktoba

Masista wamepiga simu. Mzee Zupanc anataka kuja studio usiku ule, mwenyewe. Nimempigia Burdette papo hapo. Burdette kasema, "Tabasamu tu. Hatajua kitu."

30 Oktoba

Sili, silali. Dale kanifungia nje ya chumba cha chini.

1 Novemba, Jumapili

Naandika asubuhi. Sijaenda kanisani, watapiga kinanda wenyewe.

Mzee alifika jana jioni, amevaa suti nyeusi na tai, sista mmoja akamsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi karibu na mashine ya kushoto, kisha akatoka kwenda kula peremende za Burdette. Burdette alikuwa amevaa kama jini la kaburini na amesahau kwamba amevaa, anakagua nyaya kwa uso wa kijani. Mimi nilianza saa yangu. Na ilikwenda! Ee, ilikwenda! Kisanduku cha muziki, kisha kwaya ya wanawake, na simu zikaanza kulia, mama mmoja akasema mwanawe wa miaka kumi na sita amehamia kitandani kwake. Bendi ya mifupa, watu wakacheza njiani, tuliwaona dirishani. Mzee alisikiliza kama hakimu. Kwenye kile chombo cha umeme tu alitikisa kichwa, akasema, "Hicho nisingekifikiria." Nilitamani kumbusu.

Saa mbili. Nikasema kwenye kipaza sauti yale maneno ambayo yeye huyasema kila mwaka, zimeni taa, Mtawa anapita. Nikashusha sindano. Kutoka dirishani tuliona mji ukizimika, mtaa kwa mtaa, hadi yakabaki maboga. Watoto wakasimama. Mtawa akaanza.

Hata nusu dakika haijapita, Mzee akainua kidole.

"Hii siyo yangu."

Nikahakikisha kipaza sauti kimezimwa. Burdette akaganda na uso wake wa kijani.

"Yangu ina mkwaruzo mwanzoni. Inagonga mara nane. Hii haigongi." Akanigeukia. "Ilivunjika?"

Nikamwambia. Nikamwambia yote, kwa kunong'ona ingawa kipaza sauti kilikuwa kimezimwa, kiti, vipande vitano, namba, Cleveland. Burdette akasema, "Mimi niliikalia, Mzee," na ile rangi ya kijani ilikuwa inamtiririka shavuni. Mzee alisikiliza huku Mtawa anaomboleza juu yetu. Hakukasirika.

"Basi mmeisikia kwa kasi yake," akasema.

Nikamtazama Burdette. Akapangusa rangi shavuni.

"Mmeisikia au hamkuisikia?"

"Tumeisikia, Mzee."

"Ni nzuri, siyo?"

"Ni nzuri sana." Nikainama karibu naye. "Ulikuwa unajua?"

"Mama Verna. Mimi ni fundi mitambo." Akacheka kidogo, puani. "Ilipigwa harusini kwetu. Rozka aliinunua wiki ile ile, tukaicheza hadi majirani wakagonga ukuta. Alifariki Septemba ya mwaka arobaini na tisa. Mimi nyumbani sikuweza kuisikiliza. Msichana yule alikuwa anacheka mno, mnaelewa? Ananicheka. Usiku mmoja nikaileta hapa, nikaiweka taratibu. Nikasema, basi, sasa inaimba kama nilivyo mimi. Halloween ile nikaiweka hewani, na jina nikalikwangua, nisiulizwe. Nilidhani hakuna atakayesikiliza."

"Na watu wakazima taa," akasema Burdette.

"Watu wakapiga simu. Wanafurahi! Wanatetemeka, wanafurahi. Wakaniuliza, Zupanc, mwaka ujao utaiweka tena? Ningesemaje?" Akasikiliza pale mahali pa kilio, pale bibi harusi anapocheka. "Kila mwaka nilisema, mwaka huu atatokea mtu. Wapo Waslovenia mji huu. Wapo watu wenye santuri, wenye masikio. Mtu mmoja atagonga mlango, ataniambia, Anton, una nini, mbona unaicheza hivyo? Nilikuwa nimeshaandaa jibu. Hakuja mtu."

Jamani, mimi nilikuwa nimejua tangu tarehe kumi na moja. Nimekaa na mzee huyu, nimemlisha keki, nimejua, na nimejisifu kwa kunyamaza. Nikapiga magoti kando ya kiti chake, nikamshika mkono.

"Mzee Anton," nikasema, "una nini? Mbona unaicheza hivyo?"

Hakutoa lile jibu aliloliandaa. Alilia tu, mdomo wazi, bila kujificha, na mimi nikalia, na jini la kaburini likalia nyuma yetu. Mtawa akafika mwisho, sindano ikaanza kuzunguka patupu. Nje giza tupu. Mji mzima unangoja mtu aseme washeni taa.

"Iweke," akasema Mzee. "Iweke vizuri."

Nikamtazama Burdette. Akapunga mkono, weka, weka! Nikasukuma swichi, nikarudisha sindano. Mzee akavuta kipaza sauti, akakiwasha mwenyewe, vidole vyake havikupapasa hata kidogo.

"Huyu ni Zupanc," akawaambia. "Msiwashe taa kwanza. Huyu siyo mtawa. Hajawahi kuwa. Huu ni wimbo wa harusi yangu."

Akodiani ikaruka, msichana akaimba. Mzee akataka kusimama, nikamwinua mimi upande mmoja, Burdette upande wa pili, na tukazunguka hivyo, watu watatu na suti moja na rangi ya kijani, tukigonga meza na nyaya, naye anaimba maneno kwa lugha yake, anawaambia wapigaji wasiende. Pale anapocheka msichana, akacheka.

Chini njiani, gizani, watoto wenye vinyago walikuwa bado wamesimama. Kisha mmoja, aliyejifunika shuka jeupe kama mzimu, akaanza kurukaruka.